Shangazi, nilisaini madawati ambayo sikuyaona

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Naomba usitaje jina langu wala mahali nilipo, maana huku kila mtu anamjua mwenzake. Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala. Mume wangu anadhani nasahihisha madaftari.

Mwalimu mkuu wetu ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la nne. Baba alipofariki, yeye alinilipia ada ya sekondari mpaka nikamaliza, na ndiye aliyehangaika mpaka nikapangiwa shule hii. Hadi leo namwita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu ofisini. Ukiniuliza baada ya mama yangu ni nani aliyenilea, nitamtaja yeye.

Mwaka juzi aliniweka kwenye kamati ya mapokezi. Siku moja lori la mzabuni likashusha madawati. Hati ilisema 120. Nilihesabu mara mbili nikapata 70, na mengine vanishi ilikuwa haijakauka, mtoto akiegemea sare inanasa. Nikamwendea Mwalimu. Akasema, "Saini tu binti yangu, yaliyobaki yanakuja wiki ijayo." Nikasaini. Hiyo wiki ijayo mpaka leo haijafika. Darasa la pili wanakaa chini na kuandikia magotini.

Baadaye nikapewa kazi ya takwimu, na huko ndiko nilikoyaona makubwa. Kwenye karatasi tuna wanafunzi 612. Kwa wiki mbili nilipita darasa kwa darasa nikihesabu kimoyomoyo, na sikuwahi kuvuka 447. Ruzuku inakuja kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo unaelewa. Wanafunzi hewa 165.

Nilimfuata Mwalimu natetemeka. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alifungua droo akatoa kijidaftari, akaniachia nikisome. Ndani kuna malipo ya walimu watatu wa kujitolea, kwa sababu walimu tulioajiriwa ni saba tu na darasa la kwanza peke yake lina watoto zaidi ya 90. Kuna chaki, kuna fundi wa paa la choo. Na kila awamu ya fedha kuna mstari mmoja hauna maelezo, umeandikwa tu "wakubwa". Akaniambia, "Fedha zikitoka huko juu zinatoka ng'ombe mzima, zikifika hapa ni kwato. Nisipoongeza majina, shule hii nafunga mlango." Siwezi kusema anadanganya. Walimu wale watatu nawajua, wanalipwa. Ila pia najua kuwa nyumba yake ya pili imeezekwa mwaka huu, na mshahara wake naujua.

Sasa wanakuja wahakiki kuhesabu vichwa, zimebaki wiki tatu. Mwalimu amekubaliana na mwenzake wa shule jirani tuazimane watoto: siku yetu watatuletea wao, siku yao tutawapelekea wetu. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuitikia majina yasiyo yao. Jumatatu nilifanya zoezi la kwanza na darasa la tatu. Nikawa nasoma majina, nikafika kwa mtoto ambaye alifariki mwaka jana. Sijui nilisahau kumfuta au nilikumbuka nikaacha. Mvulana niliyempa jina lile akaitikia "Nipo!" kwa sauti kubwa, kama nilivyomwelekeza. Dada wa marehemu yumo darasa hilohilo. Aligeuka haraka kutazama nyuma.

Shangazi, nikisema nazama naye, maana saini ni yangu. Mume wangu kwa sasa hana kazi. Namba ya simu ya kutoa taarifa za rushwa imebandikwa kwenye ofisi ya elimu, ofisi ileile inayokata fedha zetu. Kuna siku najiambia kuwa huu ni wizi wa kuwasaidia watoto, na wizi wa hivyo dhambi yake ni ndogo. Je, nimsaliti aliyenisomesha? Nisababishe shule ifungwe? Au nisome tu majina yapite?

Mwalimu wa Takwimu

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama pale msichana alipogeuka. Umeniwekea njia tatu mezani, zote za miiba: umsaliti Mwalimu, uiue shule, au unyamaze. Sitakuchagulia. Aliye ndani ya nyumba ndiye anayejua wapi inavuja, na matokeo yatakupata wewe na wanao. Lakini niruhusu niyaguse baadhi ya mambo uliyoyasema kwa haraka, kama vile yameshathibitika.

Tuanze na huo wizi wa kuwasaidia watoto. Sikucheki. Habari ya ng'ombe na kwato Mwalimu wako hakuibuni. Uganda ilipofuatilia fedha zake za ruzuku kwa shule za msingi, za kati ya 1991 na 1995, ilikutwa kwamba kwa wastani shule zilikuwa zikipata asilimia 13 tu ya kilichotengwa kwa ajili yao. Nyingi ziliishia njiani, katika ngazi ya wilaya. Mwalimu mkuu wa miaka ile, kama angetaka chaki na paa la choo, angezipata wapi? Kwa hiyo namwelewa mtu anayefidia.

Ila kirudie kile kijidaftari. Majina yaleyale hewa yanayowalipa walimu wa kujitolea ndiyo yanayoulipia ule mstari wa "wakubwa". Anayekata huko juu anakata bila wasiwasi kwa sababu anajua ninyi mtafidia, na akijua hivyo, awamu ijayo kwa nini asikate zaidi? Wala ombi la walimu hamwezi kulipeleka kwa nguvu. Mtamwambia nini ofisa ambaye anajua fika kwamba 612 ni namba ya kupika? Atatabasamu. Mmeshikana mashati naye, na mashati yote mawili ni machafu. Sijui kama Mwalimu amewahi kuliona hivyo, au ameliona na akaona hakuna namna.

Na ile saini yako ya madawati. Unaihofia kwa sababu inaweza kukupeleka pabaya, na hofu hiyo ni ya haki. Mimi nilipoisoma niliwaza jingine: kwenye makaratasi, shule yenu sasa haina upungufu wa madawati. Anayepanga bajeti ya mwakani akifungua faili anaona 120 yamepokelewa, yamesainiwa, yamekwisha. Anapeleka kwingine. Hao wa darasa la pili watamaliza shule wakiandikia magotini, na hakuna hata karatasi moja itakayosema kuwa waliwahi kukaa chini. Fedha iliyoliwa inaweza kutafutwa na bajeti nyingine. Hitaji lililofutwa kwenye faili halitafutwi na mtu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye 165. Unawaita hewa, kama tunavyowaita sote. Mmoja tumemjua: alikuwa mtoto, alikuwa na dada, akafa. Wengine je? Nina shaka kama Mwalimu alikaa chini akatunga majina 165 kichwani. Mara nyingi majina hewa huwa ni ya watoto wa kweli waliotoka na hawakufutwa. Yuko aliyeozwa, yuko aliyepelekwa kufanya kazi za ndani, yuko aliyehama na mama yake usiku bila barua ya uhamisho. Mwingine aliacha tu, kwa sababu miaka miwili alikaa nyuma ya watoto 90 na hakuna mwalimu aliyewahi kulitamka jina lake. Kila mmoja wao kwenye daftari lako anaitikia "nipo". Na aliyepo shuleni hatafutwi.

Nchi zote zilipokubaliana mwaka 2015 kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu malengo 17 ya maendeleo endelevu, lengo la nne lilikuwa elimu bora kwa wote ifikapo 2030, na ndani ya lengo la 16 wakaandika kupunguza rushwa ya kila aina. Mwaka 2023 UNESCO ilikadiria kuwa watoto na vijana wapatao milioni 250 duniani hawako shuleni. Hesabu kubwa kama hiyo hujengwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na takwimu za uandikishaji ambazo serikali hukusanya, na hizo zinaanzia kwenye kalamu ya mwalimu kama wewe, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi. Pale unapoandika 612 badala ya 447, eneo lenu linaonekana limejaa watoto wanaosoma. Wafadhili wanapongeza. Waziri ananukuu. Na wale waliotoka wanatoka mara ya pili, safari hii kwenye hesabu.

Usidhani nakutwisha dunia nzima. Nakuonyesha tu kwamba unaposema shule itakufa ukweli ukitoka, kuna sehemu ya shule ambayo imekwisha kufa kwa sababu ya uongo. Huko Brazil, serikali kuu ilianza mwaka 2003 kuchagua manispaa kwa bahati nasibu na kuzikagua. Watafiti walipolinganisha ripoti zile na matokeo ya mitihani, waliona kwamba pale fedha za elimu zilipokuwa zimechotwa, watoto walifanya vibaya zaidi, na walioacha shule au kurudia darasa walikuwa wengi zaidi. Sidhani kama kuna diwani wa huko aliyemchukia mtoto yeyote. Wengi wao bila shaka walikuwa na vijidaftari vyao.

Sasa Mwalimu. Swali hili si tamu, na unaweza kulikataa. Kati ya walimu wote, kwa nini kamati ya mapokezi akuweke wewe, na takwimu akupe wewe? Huenda ni kwa sababu anakuamini. Huenda ni kwa sababu mwenye deni la fadhila hakatai. Huenda yote mawili, na yeye mwenyewe hajajiuliza. Lakini tazama karatasi zinasemaje: hati ya madawati ni saini yako, takwimu ni mwandiko wako, na kijidaftari chenye mwandiko wake kimo kwenye droo yake. Siku mambo yakiharibika, atakayekutwa kwenye makaratasi ni nani? Sisemi alipanga hivyo. Nasema ndivyo yalivyo.

Umetumia neno kusaliti. Ada aliyokulipia ilikuwa ya kukusomesha, na ulisoma, ukawa mwalimu. Je, aliwahi kukudai kitu kingine, au ni wewe unayeona hilo deni halijalipika? Tena umemuuliza kuhusu namba, hujamuuliza kuhusu yeye mwenyewe. Mtu anayefungua droo na kukuachia usome siri zake pengine naye amechoka kuzibeba peke yake. Kuna uwezekano ukimwendea kama binti yake na kumwambia, "Mwalimu, siwezi kuwafundisha watoto kuitikia majina ya wenzao, tufanye nini?", akatafuta nawe mlango wa kutokea. Na kuna uwezekano akaogopa, na mtu mwenye hofu huwa hatari kuliko mtu mwenye hasira. Anaweza kukuhamisha, anaweza kuwahi kukusema wewe kwanza. Wewe ndiye unayemjua usoni.

Kama mtazungumza, kuna jambo moja ambalo lisiwapite: daftari linaweza kurekebishwa. Mtoto aliyeacha shule ana safu yake ya kuandikwa kuwa ameacha, aliyefariki vivyo hivyo. Kusahihisha takwimu kabla ya wahakiki kufika si sawa na kwenda kushtaki mtu. Lakini namba ikianguka kwa 165 ndani ya wiki tatu, mtu atauliza ilikuwaje, na jibu mnatakiwa kuwa nalo mkononi. Hata ruzuku ya awamu ijayo itapungua, na wale walimu watatu wa kujitolea watakuwa wa kwanza kuumia. Hilo usilifiche, wala usijifiche nalo.

Ipo njia ya kukataa kidogo: uombe kuondolewa kwenye takwimu, useme afya au familia. Wengi hupitia hapo na siwalaumu. Tatizo ni kwamba zoezi la majina litaendelea na mwalimu mwingine, na saini ya madawati itabaki yako.

Kamati ya shule na wazazi hujawataja kabisa, nami nimelishangaa hilo. Uganda baada ya kuona ile asilimia 13 ilianza kutangaza kwenye magazeti kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichowafikia. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Watafiti wamebishana kuhusu mchango wa magazeti, kwani mambo mengi ya fedha za elimu yalibadilishwa miaka hiyohiyo, na mimi siamini kwamba karatasi ukutani hufanya miujiza. Ila kuna kitu hubadilika mzazi anapojua idadi. Ufilipino tangu 2003 walifika mahali pa kuwatumia maskauti, wavulana kwa wasichana, kuhesabu vitabu vinaposhushwa shuleni. Fikiria lile lori lako lingekutana na wazazi kumi pale getini, kila mmoja anahesabu kwa sauti. Usingebaki peke yako na kalamu mkononi. Upande mwingine ni kwamba wazazi wanaweza kumpenda Mwalimu kuliko wanavyopenda namba, na ukaonekana mchawi wa shule. Ukitaka kupita huko, tafuta kwanza mzazi mmoja mwenye kifua.

Kuhusu kutoa taarifa rasmi nitakuwa mfupi, kwa kuwa hilo linahitaji mwanasheria na mimi siye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 una kifungu cha 33 kinachozungumzia kuwalinda wanaotoa taarifa kwa nia njema, na cha 37 kinachohusu kumpunguzia adhabu mhusika anayetoa ushirikiano. Lakini usome vizuri: nchi zimeambiwa zifikirie kuweka ulinzi huo. Nyingine zimeweka sheria yenye meno, nyingine bado zinafikiria. Kwa hiyo kabla ya kupiga namba yoyote, hasa hiyo iliyobandikwa ukutani kwa wanaokata, waulize watu wa msaada wa kisheria au chama cha walimu kwenu pakoje, na nini hutokea kwa mtu ambaye saini yake imo. Uliza kwa mdomo kwanza. Nyaraka za shule usizibebe kwenda nazo nyumbani, linaweza kugeuka kosa jingine. Andika kumbukumbu zako mwenyewe: tarehe, lori, 70, maneno uliyoambiwa.

Mumeo mwambie. Nimeliacha nyuma lakini kwangu ni la karibu zaidi kuliko hayo ya mikataba. Unasema hana kazi, kana kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumficha. Kazi inayoweza kupotea ni ya kwenu wote wawili, na wiki tatu ni ndefu kwa mtu anayejifanya anasahihisha madaftari.

Umeandika kwamba hujui kama ulisahau kumfuta yule mtoto au ulikumbuka ukaacha. Nadhani unajua. Jina lile si la Mwalimu wala la wakubwa, lina wenyewe, na mmoja wao anakaa darasani kwako kila siku tangu Jumatatu akiwa ameshasikia kaka yake anaitikia. Hajakuuliza kitu? Niandikie, hata mistari miwili, uniambie akikuuliza utamjibu nini.